Sekunde Tisa za Bibi Mwanaheri

Ipo nchi moja ambayo jina lake hatutalitaja. Si kwamba tunaogopa. Haki ya kulitaja jina hilo katika hadithi iko mikononi mwa ofisi moja ya serikali, nasi tulipokwenda kuomba kibali tuliambiwa fomu zimekwisha, na fomu ya kuombea fomu bado iko kwa mpiga chapa. Kwa hiyo tutasema "nchi ile" tu, na msomaji akihisi kwamba amewahi kufika huko, hilo ni jambo lake na nafsi yake.

Ofisi yenyewe iliitwa Halmashauri ya Kusambaza Nakala, kwa kifupi HAKUNA. Kazi yake ilikuwa kulinda filamu kongwe za taifa na kuamua ni nani aruhusiwe kuzitazama nyumbani kwake, kwa deki ya namna gani, akiwa ameketi na nani. Mtu akipiga simu aliitikiwa kwa adabu, "HAKUNA, tukusaidie nini," na wengi walikata hapo hapo wakidhani wamekwisha jibiwa. Filamu za taifa zilikuwa saba. Sita zililiwa na unyevu wakati ofisi ikisubiri samani. Ikabaki moja, na hiyo moja ililindwa na watumishi mia na arobaini.

Mkurugenzi Mkuu wa HAKUNA alikuwa Bwana Shabiri Kingwande, mtu mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na minane, mwenye masharubu yaliyonyooka kama yamepigiwa rula. Hakula rushwa. Hakuchelewa kazini. Hakumfokea mtu. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo ulikuwa wivu.

*

Mambo yalianza siku Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Mwinyimvua Tandazo, aliporejea kutoka ziara ya nchi jirani. Huko alizawadiwa kasha la bati lenye diski tano za filamu za kale za jirani huyo. Zilikuwa zimesafishwa zikang'aa, zimewekewa kijitabu cha maelezo na picha za waigizaji enzi za ujana wao. Mheshimiwa alilipokea kasha kwa tabasamu, akapanda nalo ndege, na wahudumu wanasema njia nzima hakugusa chakula. Alipotua alihutubia hapo hapo uwanjani, kabla hata ya kuvishwa shada.

"Ndugu wananchi," akasema, "jirani yetu ana filamu tano ndani ya bati. Nimeziona. Nimeumia. Lakini nikajiuliza, bati ni nini? Bati ni bati. Sisi tutatoa filamu moja, na tutaitia ndani ya mpingo. Kati ya mwenye tano ndani ya bati na mwenye moja ndani ya mpingo, tajiri ni nani? Historia itajibu, na nimekwisha iagiza ijibu vizuri."

Wananchi waliokuwa wameletwa kwa malori walipiga makofi. Mheshimiwa akaipa HAKUNA miezi mitatu kutoa filamu ya taifa katika Toleo Maalumu la Wakusanyaji, ili kila nyumba iwe na diski yake na kila diski iwe na kasha lake.

Filamu yenyewe iliitwa *Posa ya Kisima Kirefu*, nayo ilipigwa miaka thelathini na miwili nyuma. Hadithi yake si ndefu. Kijana mchimba visima anafika kwenye kijiji kilichokauka, anachimba mpaka anapata maji, na binti wa jumbe anakuwa mtu wa kwanza kuyateka. Binti anajaza kata, anampelekea mchimbaji, na anapompa anainua macho. Mchimbaji aliigizwa na kijana aliyeitwa Idarusi Mkwizu. Binti wa jumbe aliigizwa na Mwanaheri binti Sefu, ambaye kwa sasa ni mke wa Mkurugenzi Mkuu wa HAKUNA.

*

Shabiri alipoitazama filamu hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa karani mdogo wa vibali, ameketi kwenye kiti cha mbao nyuma ya ukumbi. Ilipofika dakika ya arobaini na saba, Mwanaheri akainua macho. Alimtazama Idarusi kwa sekunde tisa. Ulikuwa mtazamo wa mtu aliyekiona kitu ambacho amekitamani tangu alfajiri, na sasa kimefika, na anaogopa kupepesa kisije kikaondoka. Ukumbi mzima ulinyamaza. Muuza njugu alisimama katikati ya njia, kikapu kikamning'inia mkononi.

Shabiri alitoka pale akiwa hajui anakokwenda, na kabla mwezi haujaandama alipeleka posa kwa kina Sefu. Ilikubaliwa, maana karani wa serikali enzi hizo alikuwa mtu. Alitumaini kwamba siku moja, labda asubuhi, labda mezani, Mwanaheri atainua macho na kumtazama vile.

Miaka thelathini na mmoja ikapita. Mwanaheri alimzalia watoto watatu, alimuuguza alipopatwa na homa ya manjano, alimpigia pasi mashati yake mpaka kola zikawa kama karatasi. Shabiri alimwomba asiigize tena, naye alikubali, kwa kuwa siku hizo kukubali ndiko kulikoitwa mapenzi. Alimtazama mumewe kwa huruma, kwa heshima, mara nyingine kwa uchovu. Kwa namna ile, hata mara moja. Shabiri alioa mtazamo, akaletewa mke.

Hayo alikuwa amejizoeza kuyameza. Filamu ilionyeshwa mara moja kwa mwaka, sikukuu ya uhuru, juu ya ukuta wa uwanja wa mpira. Sekunde tisa zilipita kama kichomi, akashika ubavu, zikaisha. Idarusi naye alikuwa ameacha sinema zamani na kuwa fundi wa magodoro, na Shabiri alikuwa amelimaliza suala lake kwa kukataa godoro lolote lililoshonwa nchini lisiingie nyumbani kwake.

Lakini Toleo la Wakusanyaji lilikuwa jambo jingine. Shabiri alifanya kazi ya nakala, alijua rimoti ni kitu gani. Ukutani mwa uwanja, mtazamo hupita. Nyumbani mtu hubonyeza kitufe, ukasimama. Hata Idarusi mwenyewe ataweza kuketi juu ya godoro lake, akamsimamisha mke wa mtu katika sekunde ya nne, akaenda zake kunywa chai, akarudi akamkuta bado anamtazama. Shabiri alipofikiri hivyo kalamu ilimvunjikia mkononi, na wino ukalowesha rasimu ya hotuba ya Waziri.

*

Kabla filamu haijasambazwa ilipaswa kupita kwenye Kikao cha Haki, ambapo kila mwenye dai hudai. Shabiri alikuwa mwenyekiti.

Wizara ya Maji ilisimama kwanza ikasema kisima ni chanzo cha maji, kwa hiyo picha zote za kisima ni mali yake. Wizara ya Mifugo ikanuna, ikasema ikiwa Maji wanapata kisima, yenyewe inataka mbuzi anayepita mara tatu, tena alikuwa mbuzi wa mbegu wa serikali. Mkuu wa Hali ya Hewa alidai mawingu.

"Mawingu yale yalitabiriwa na idara yangu," alisema.

"Si kweli," akajibu mtu wa Maji. "Siku ile mlitabiri jua."

"Tulitabiri jua kwa kuwa tuliyajua mawingu. Huwezi kutabiri jua bila kuyafikiria mawingu. Ni yetu."

Mabishano yalichukua siku nne, na kila aliyepata kitu aliumia kwa alichopata mwenzake. Mwishowe ilikubaliwa kwamba kila mali ya wizara iandikwe jina la wizara juu yake kwenye picha. Kisima kikapata muhuri, mawingu yakapata muhuri, na mbuzi akapewa mihuri miwili kwa sababu alikuwa na pembe.

Watu walipokuwa wanafunga mafaili, Shabiri alikohoa kidogo.

"Kabla hatujatawanyika," akasema, "nina swali la kitaalamu. Dakika ya arobaini na saba pana mtazamo. Mtazamo huo ni wa nani?"

Wakatazamana. Mwanasheria wa serikali, aliyekuwa amesinzia tangu siku ya pili, akaamka.

"Ni wa anayetazama," akasema.

"Lakini usingekuwepo bila anayetazamwa," Shabiri akasema kwa upole.

"Basi ni wa anayetazamwa."

"Na huyo anayetazamwa amempa nani idhini ya kuusambaza majumbani?"

Mwanasheria alivua miwani akaifuta, na alipoivaa tena alikuwa amepata sheria. Aliamua kwamba mtazamo ni mali ya shirika ya watu wawili, hauwezi kuingia katika nyumba ya raia mpaka wote wawili watie sahihi, na kwamba mpaka hapo utengwe, uhifadhiwe mahali salama. Mahali salama pakaamuliwa kuwa saraka ya meza ya Mkurugenzi Mkuu. Kutafuta sahihi ikawa kazi ya HAKUNA, muda utakaporuhusu. Shabiri hakuwa na wasiwasi juu ya muda. Muda katika ofisi ile ulikuwa chini yake, na haukuwa na mazoea ya kuruhusu.

Siku hiyo hiyo alishuka kwenye chumba cha mitambo, kwa Fundi Zuhena, mama mnene mwenye glavu nyeupe ambaye peke yake ndiye aliyejua kuugusa mkanda ule bila kuuchana.

"Kata hapa, na hapa," Shabiri akamwambia.

Zuhena aliinua mkanda kwenye taa. "Bosi, huu ndio mkanda mama. Nikikata umekatika."

"Najua."

"Na Bibi Mwanaheri ataonekana anateka maji, halafu kufumba na kufumbua kata ni tupu na mchimbaji anafuta machozi."

"Watu wataelewa kwamba amekunywa."

"Watajua amekunywa," alisema Zuhena. "Ila watauliza maji gani hayo yanayoliza mwanamume." Kisha akakata, maana alikuwa mtumishi wa umma, akatia sekunde tisa ndani ya bahasha na kumkabidhi kwa mikono miwili.

*

Toleo la Wakusanyaji lilizinduliwa kwa tarumbeta. Kasha la mpingo lilikuwa zito kiasi cha kubebwa na watu wawili, lina kufuli la shaba, na ufunguo ulitolewa kwa barua ya mwajiri. Ndani mlikuwa na diski moja, kijitabu cha kurasa tisini chenye picha sitini na mbili za Mheshimiwa Waziri, na nyongeza ya saa tatu ambamo Mheshimiwa alieleza jinsi ambavyo angeliigiza yeye kama angelikuwapo. Mkusanyaji alitafsiriwa kisheria kuwa mtumishi wa serikali mwenye nakala zisizopungua mbili, na kufikia adhuhuri nchi ile ilikuwa na wakusanyaji laki moja.

Mwanaheri aliketi safu ya mbele, amevaa gauni la kijani alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa amewaalika wifi zake na mwalimu wake wa zamani wa shule. Dakika ya arobaini na saba ilipofika alishika mkono wa mwalimu. Akajiona anainama kisimani. Akaona kata tupu. Akauachia mkono wa mwalimu taratibu, akaurudisha wake pajani.

Nyumbani alimwandalia mumewe chai, akasimama.

"Kile kipande changu," aliuliza, "kimeliwa na panya?"

"Ni taratibu, mke wangu. Mambo ya haki."

"Haki," alisema Mwanaheri. Alilisema neno hilo mara moja tu, akaenda kukunja nguo, na kwa wiki nzima nguo za nyumba ile zilikunjwa na kukunjuliwa na kukunjwa tena.

Shabiri alilala vizuri kwa siku sita. Siku ya saba alikwenda kunyolewa.

"Nasikia walikata kipande," mnyoaji alikuwa akimwambia mteja wa kiti cha pili. "Yule mwanamke alimtazama yule bwana dakika nzima."

"Dakika gani?" akasema mteja. "Mimi nilikuwapo uwanjani mwaka ule wa mvua. Dakika tano. Na alimshika mkono."

Shabiri alifungua kinywa aseme kwamba ni sekunde tisa na hakuna mkono, akakumbuka kwamba sabuni imefika mdomoni.

Kufikia mwisho wa mwezi mtazamo ulikuwa umefika robo saa. Kufikia miezi miwili ulikuwa nusu saa, na ndani yake mlikuwa na busu, machozi, na farasi, ingawa nchi ile haikuwa na farasi. Wazee waliapa wameuona. Waliozaliwa baada ya filamu kupigwa nao waliapa. Katika mabanda ya video watu waliigiza kipande kilichopotea, na kila banda lilikuwa na chake, na mabanda yaliyokuwa na vifupi yaliyaonea kijicho yaliyokuwa na virefu. Ugomvi uliingia majumbani. Wanaume waliwauliza wake zao mbona hawatazamwi vile, na wanawake wakauliza kwani ninyi mmechimba kisima gani.

Idarusi Mkwizu akawa mtu mashuhuri upya. Wanawake walifika kutoka mikoa ya mbali kuagiza magodoro ambayo hawakuyahitaji. Shabiri alipita mtaa ule mara mbili kwa gari la ofisi akahesabu foleni, na kila mara ilikuwa imerefuka. Alichoficha sekunde tisa kimemrudia nusu saa, na nusu saa yenyewe haikuwa na kitufe cha kuizima.

*

Ndipo Mheshimiwa Waziri alipomwita. Juu ya meza yake kulikuwa na gazeti la nchi jirani.

"Soma," alisema.

Shabiri akasoma. Gazeti liliandika kwamba wakusanyaji wa jirani wako tayari kutoa filamu zao zote tano, pamoja na bati, kwa kipande kimoja kilichopotea cha *Posa ya Kisima Kirefu*.

"Unaona?" Mheshimiwa akasema, na sauti ilikuwa na utamu ambao Shabiri hakuwahi kuusikia. "Wanatuonea wivu. Nimeitumikia nchi hii miaka ishirini nikingoja mtu atuonee wivu. Kirudishe hicho kipande. Tutatoa Toleo Kamili Kuliko Lililokamilika. Wiki mbili."

"Mheshimiwa, kuna sheria. Lazima wahusika wote wawili watie sahihi."

"Nani alitunga sheria hiyo?"

Shabiri akainama kuchukua kofia yake.

Alimwendea Idarusi asubuhi, kabla foleni haijajaa. Karakana ilikuwa imetanda sufi nyeupe hewani. Idarusi alitoka katikati yake kama mtu anayetoka kwenye ukungu, na Shabiri akashangaa kuona jinsi alivyozeeka. Alikuwa na upara, kitambi, na sindano ndefu imechomekwa kifuani kwenye shati.

"Karibu, shemeji," alisema Idarusi.

Neno hilo lilimchoma Shabiri kuliko sindano. Akatoa fomu. "Nahitaji sahihi yako. Ni kuhusu ule mtazamo."

Idarusi aliisoma fomu akiishika mbali na macho. "Hapa wameandika 'mtazamwa'. Ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Mimi sikutazamwa, shemeji."

"Taifa zima limeona."

"Taifa lilikuwa limekaa upande wa kamera. Mimi nilikuwa mbele yake. Niliambiwa kata imejaa pomoni, nisimwage hata tone, maana hatuna nguo nyingine ya kubadilisha. Macho yangu yalikuwa kwenye kata. Nilipoinua kidogo nikaona macho yake yananipita. Alikuwa anatazama huku, juu ya bega langu." Akajigusa bega la kushoto, sufi ikaruka. "Nikajua tu kuna kitu nyuma yangu. Sikugeuka, nisimwage maji."

"Kulikuwa na nani nyuma yako?"

"Sijui. Muulize mwenyewe. Miaka yote hiyo hujamuuliza?"

Idarusi akatia sahihi, akamshika mkono, akamwomba ampelekee Mwanaheri salamu. Shabiri alitoka akitembea vibaya. Alikuwa ameingia mle na adui mmoja, mwenye upara, anayejulikana anakoishi. Alitoka na adui asiye na sura wala anwani, aliyesimama nyuma ya bega la mtu miaka thelathini na miwili iliyopita.

*

Mwanaheri alikuwa barazani, ameweka ungo pajani, anachagua mchele. Shabiri aliketi mkabala naye, akaweka fomu juu ya mkeka, na juu ya fomu akaweka bahasha.

Mwanaheri alifuta vidole, akaifungua. Alitoa ule utepe mfupi wa mkanda akauinua kwenye mwanga wa mchana, akaupitisha taratibu machoni, picha baada ya picha.

"Huu ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Kwenye saraka yangu."

"Wewe ndiye uliyekata."

"Mimi ndiye niliyekata."

Kuku alikuja akadonoa punje zilizoanguka, hakufukuzwa.

"Nilikuwa na miaka ishirini," Mwanaheri akasema. "Tangu hapo nimefua, nimepika, nimelea. Sijuti. Lakini mambo hayo kila mtu hapa mtaani ameyafanya. Hiki ndicho kitu kimoja nilichokifanya ambacho mtu anaweza kukiweka kwenye deki akasema, hebu tazama. Ukakitia mkasi bila hata kuniambia."

"Sikuweza kuvumilia," Shabiri alisema. Masharubu yake yalikuwa yamepinda. "Hujanitazama vile hata siku moja. Nimeingoja miaka thelathini na mmoja. Nataka kujua nyuma ya bega la Idarusi alisimama nani. Fomu pia inauliza. Sehemu ya pili, swali la nne."

Mwanaheri alimtazama kana kwamba anamsoma upya kutoka ukurasa wa kwanza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka ungo ukamteleza na mchele ukamwagika barazani, na kuku akaita wenzake.

"Pilau," alisema alipopata pumzi.

"Nani?"

"Pilau, Shabiri. Tulikuwa hatujala tangu alfajiri. Mwongozaji alisema hakuna kula mpaka picha ya kisima iishe, ili nionekane binti wa kijiji chenye njaa. Nimerudia ile picha mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano, napeleka kata, nikaona nyuma ya kamera wanafunua sufuria. Mvuke ukapanda. Nikaona nyama ile imekaa juu ya wali. Sijui nikoje usoni, lakini mwongozaji alilia. Akasema hapo hapo, basi, tusirudie tena."

Ndani ya Shabiri kitu kikubwa kilichosimama miaka yote hiyo kilikuwa kinaketi chini polepole.

"Ungeniuliza," Mwanaheri akasema, hacheki tena. "Ni neno moja tu." Akachukua kalamu mfukoni mwa shati la mumewe. "Nitatia sahihi. Lakini jina langu litangulie kwenye kasha. Kabla ya la Waziri. Na mwalimu wangu na wifi zangu waalikwe upya, na wewe ndiye utakayewaendea mlango kwa mlango, uwaeleze kwa nini mara ya kwanza walioneshwa kata tupu."

"Nitakwenda," Shabiri akasema.

Mwanaheri akatia sahihi, na kwenye swali la nne akaandika kwa herufi kubwa: PILAU.

*

Wizara ya Kilimo iliposikia jibu hilo ilidai mchele, lakini Mheshimiwa aliwanyamazisha. Suala la jina lilimgharimu siku tatu za homa. Mwishowe alikubali litangulie la Mwanaheri, akijifariji kwamba jirani hana mwanamke yeyote juu ya bati lake. Zuhena aliunga mkanda kwa gundi na glavu zake nyeupe, Toleo Kamili Kuliko Lililokamilika likatoka, na nchi nzima ikakaa mbele ya runinga.

Mtazamo ulikuwa wa sekunde tisa. Hapakuwa na busu wala farasi.

Wananchi hawakukasirika. Walitikisa vichwa tu kama watu waliozoea. Walisema serikali imeufupisha, nusu saa yenyewe wameificha, wanaitazama wakubwa peke yao. Mheshimiwa alikanusha redioni, na hapo hata waliokuwa na shaka wakasadiki. Jirani aliandika kwamba anaongeza filamu ya sita kwa atakayempatia kipande halisi. Mwanaheri alisimamishwa sokoni, akaulizwa alikuwa anamtazama nani, naye akawaambia kweli tupu, pilau. Wauza nyanya wakakonyezana. Walimsifu kwa kuwa mwanamke wa siri, mwenye kujua kulinda heshima ya ndoa yake.

Ni mtu mmoja tu katika nchi ile aliyemwamini. Shabiri alimwamini kabisa, bila chembe ya shaka. Alizunguka mlango kwa mlango kama alivyoahidi, akaomba radhi kwa wifi wote na kwa mwalimu. Akarudi nyumbani amechoka, akala, akanawa mikono, akakaa kitambo akimtazama mkewe anavyoondoa sahani.

"Na huo pilau," akauliza, "ulipikwa na nani?"

"Mpishi wa kukodi. Mwanamume mmoja tu, hata jina lake silijui."

Jumatatu yake wizara zote za nchi ile zilipokea barua kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu wa HAKUNA, ikiziomba kumtafuta mpishi huyo popote alipo, kwa ajili ya kukamilisha haki zake.